Shem, Python na ile kolamu ya NIDA: kisa kizima kilivyokuwa

Meseji iliingia saa tano na nusu usiku. Picha ya skrini imepigwa kwa simu, kioo cha laptopu kina vumbi, na chini kabisa kuna maandishi mekundu: KeyError: 'Kiasi'. Alafu shem kaandika "Shem hii kolamu ipo, naiona kwa macho yangu, mbona inakataa". Nikamwambia anitumie kichwa cha faili nikione, nikakuta neno ni "Kiasi" lakini nyuma yake kuna nafasi moja tupu, yani aliyelichapa alibonyeza spesi baada ya herufi ya mwisho akaendelea na maisha yake. Kwa jicho huioni hata ukae hapo mpaka asubuhi, ila kwa Python, lugha ya programu aliyokuwa anajifunza, hiyo ni kolamu nyingine kabisa. Nikamjibu. Kimya. Kesho yake mchana ndo akaandika "nilikuwa nimeshalia nikalala".

Naandika hiki kisa kwa sababu haipiti wiki bila mtu anayetaka kuchambua data kuniuliza aanze na Python au R, lugha mbili za kazi hiyo, na mi huwa najibu chapchap kama mtu anayeulizwa njia ya kwenda stendi. Huyu nilimjibu hivohivo na akapoteza karibu mwaka mzima. Ameniruhusu niandike, sharti nisitaje jina wala ofisi, na amesoma kabla akarekebisha sehemu mbili ambazo nilijipendelea.

Shem ni mdogo wa mke wangu. Ana diploma ya uhasibu na kipindi hicho alikuwa na miaka sita kazini kama afisa mikopo kwenye taasisi moja ya mikopo midogo Mwanza. Kama hujawahi kuishi na afisa mikopo nikwambie tu ile ni kazi ya jua. Asubuhi yupo Igoma na kikundi cha akina mama wauza dagaa, mchana Buhongwa, jioni anamtafuta mtu ambaye simu hapokei na majirani wanasema kasafiri kaenda msibani. Ijumaa ndo anakaa ofisini, kuanzia saa nane mchana mpaka giza linaingia anatengeneza ripoti ya meneja kwenye Excel, kopi hapa bandika pale, jumlisha, linganisha na daftari, futa, anza upya. Akasema kachoka kufukuzana na watu, anataka kazi ya kukaa na data, na kwenye YouTube kaona watu wanasema mchambuzi wa data anafanya kazi akiwa nyumbani analipwa dola. Ya dola nilicheka. Ila wazo lenyewe nililipenda.

Alichokuwa nacho ni laptopu ya mtumba, Core i3, RAM GB 4, hard disk ya zamani ile inayozunguka na kulia kama panya. Intaneti ni bando la simu, anawasha hotspoti. Muda ni saa tatu usiku kwenda mbele, mtoto akishalala. Haya yote niliyajua baadaye sana, mana siku aliyonipigia, Februari 2024, sikumuuliza hata moja. Aliuliza "shem nianze na nini" nikasema Python bila hata kupumua.

Na nilikuwa na hoja, tena nzuri za kuvutia. Nikamwambia Python ipo toka 1991, Guido van Rossum aliitengeneza iwe rahisi kusomeka, na ile pandas, maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali, ambayo ndo watu wa data wanaishi nayo ilianzishwa 2008 na Wes McKinney akiwa kwenye kampuni ya uwekezaji, yani imezaliwa kwenye mambo ya pesa, na wewe ni mtu wa pesa, inakufaa. Ukiisikia hivo unaona kabisa inaingia akilini. Ukweli ni kwamba nilimwambia Python kwa sababu mi natumia Python. Ningekuwa fundi cherehani ningemwambia anunue cherehani yangu.

Nikamwambia ainstoli Anaconda, kifurushi cha Python na vyombo vyake vya data, ili apate kila kitu kwa mpigo. Faili la kuinstoli tu ni mamia ya megabaiti na likishafunguka linakula gigabaiti kadhaa za diski. Bando likakatika katikati mara mbili. Usiku wa tatu likakubali, Jupyter, ile sehemu ya kuandikia kodi, ikafunguka ndani ya Chrome, na laptopu ikaanza kuhema. Anabonyeza kitu anaenda kuchemsha chai anarudi bado kinazunguka. Yeye akadhani hajui. Hapo ndo pananiuma mpaka leo, mtu anajiona mjinga kumbe ni RAM.

Kozi aliyoipata ya bure ikampa lile faili la abiria wa Titanic, mistari 891, kila anayejifunza data duniani kalipitia. Jinsia, umri, daraja la tiketi, nani alipona. Akawa anafanya vizuri tu kwa kunakili. Siku moja akaniuliza kwa nini anahesabu abiria wa meli ya Waingereza ya 1912 wakati waliozama na MV Bukoba 1996 wengine wamezikwa palepale Igoma anakofuata marejesho. Hakuuliza kwa ubishi, aliuliza kweli. Sikuwa na jibu. Alikuwa amefanya mazoezi wiki nane na hakuna hata jambo moja la Ijumaa yake lililokuwa limepungua, na alipojaribu kuweka faili lake mwenyewe ndo ikaja ile KeyError.

Baada ya hapo akaanza kutangatanga, na simlaumu. Mei akaona tangazo la kazi ya ufuatiliaji na tathmini kwenye mradi wa afya, wanataka mtu anayejua R au Stata, ile programu ya takwimu, akahamia R. Na nikiri, R ilimkubali zaidi kwenye ile mashine, yenyewe ni nyepesi kuinstoli, RStudio, ambayo ndo unaiandikia R humo, ikafunguka bila kelele. R ilitengenezwa na walimu wa takwimu, Ross Ihaka na Robert Gentleman kule Auckland, toleo la 1.0.0 likatoka tarehe 29 Februari 2000, na inaonekana kabisa ni chombo cha watu waliotaka kujibu maswali ya takwimu na sio kutengeneza programu. Shida ilikuwa kichwani, mana ameshazoea Python inayoanza kuhesabu na 0, R inaanza na 1, kila siku anachukua mstari usio wake. Na ile kazi hawakumwita, walitaka mtu aliyekaa kwenye miradi ya afya, anayejua vitabu vya MTUHA vya kurekodi takwimu za hospitali na DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu hizo. Kujua R kusingemfanya awe mtu wa afya.

Agosti akatokea bosi kutoka makao makuu akaonyesha dashibodi ya Power BI, programu ya Microsoft ya kuchora ripoti, kwenye projekta, rangi rangi, unabonyeza tawi inabadilika. Shem akahamia Power BI. Ile ya mezani ni bure na inataka Windows, ambayo anayo, kwa hiyo kwa makaratasi ilikuwa chaguo zuri kuliko la kwangu. Ikafunguka kwa shida ila ikafunguka. Akaweka faili lake, akachora, akapata dashibodi nzuri ya kupendeza inayosema PAR ya wateja wake ni asilimia 41.

Kwa asiye wa huko, PAR 30 ndo kipimo ambacho afisa mikopo analala nacho na kuamka nacho, ni sehemu ya mikopo yako ambayo imechelewa zaidi ya siku 30. Asilimia 41 maana yake ungekuwa umeshafukuzwa kazi zamani. Kwa mkono Ijumaa ile alipata asilimia 7. Akafunga laptopu akaiweka juu ya kabati, na hakunigusia habari za data mpaka nilipoenda Mwanza Krismasi.

Siku ya pili baada ya sikukuu tumekaa barazani nikamwambia lete hilo faili. Ndo kazi halisi ilipoanza.

Kitu cha kwanza nilichomuuliza ni limefikaje nyumbani. Alijitumia kwa imeili. Mle ndani kuna majina, simu, namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa) na madeni ya watu 412. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo sheria, deni la mama muuza dagaa sio kitu cha kukaa kwenye laptopu ambayo mtoto anachezea katuni. Na hili linaingia moja kwa moja kwenye suala la kuchagua chombo, watu hawalisemi kabisa. Mi nilikuwa nimeshapanga kumwambia sasa atumie Google Colab, Python inaendeshwa kwenye kivinjari, RAM yako haihusiki, ni bure. Dawa kamili ya ile laptopu. Isipokuwa Colab ukipakia faili linaenda kwenye mitambo ya Google, na yeye hana ruhusa ya kumtoa mteja hata nje ya ofisi, sembuse nje ya nchi. Ningemsababishia matatizo makubwa kuliko KeyError.

Kwa hiyo tukaliangalia mara moja ili kujua uchafu wake, alafu tukalifuta pamoja na ile imeili, na tukakaa kutengeneza la uongo. Mistari 412, majina ya kubuni, namba za kubuni, ila uchafu uleule. Kazi ya siku nzima. Na nikwambie sijawahi kuona zoezi la data linalofundisha kama hilo, kwa sababu ili uigize uchafu lazima uujue umetoka wapi.

Umetoka hapa. Tarehe. Mfumo wa ofisi unatoa faili la CSV, yani jedwali la maandishi matupu, lenye tarehe kama tunavyoandika sisi, siku kwanza kisha mwezi. Laptopu yake ilikuwa imesetiwa Kimarekani, kama laptopu nyingi za mtumba zinavyokuja na hakuna anayebadilisha. Sasa ukifungua CSV kwa kuibonyeza mara mbili, 25/04/2024 Excel inashindwa kuielewa, hakuna mwezi wa 25, inaiacha kama maandishi imeegemea kushoto. Lakini 03/04/2024 inaielewa vizuri sana, kimakosa, inasema ni tarehe 4 Machi. Mteja alitakiwa kulipa tarehe 3 Aprili, ukimhesabu tarehe 12 Aprili kachelewa siku 9. Kwa kalenda ya ile laptopu kachelewa siku 39. Kaingia kwenye PAR 30 hivihivi, mama wa watu, na alikuwa analipa. Na kuna wa upande wa pili, aliyetakiwa kulipa tarehe 5 Aprili anasomeka tarehe 4 Mei, yani siku yake haijafika hata, anaonekana msafi wakati anadaiwa. Hakuna ujumbe wowote mwekundu. Kila kitu kimekubali.

Power BI nayo inasoma tarehe kwa mipangilio hiyohiyo ya eneo, kwa hiyo ile 41 haikuwa ya Power BI wala ya shem, ilikuwa ya Marekani. Alipoelewa alicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuja kuuliza kuna nini.

Ya pili ni NIDA. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na mfumo wao unaitoa bila vistari. Excel inashika tarakimu 15 tu za namba, zilizobaki inaweka sifuri. Unafungua faili unaona 1.99E+19, unapanua kolamu unaona namba ndefu imeishia na 00000, ukisevu tu basi, tarakimu tano za mwisho za kila mteja zimekufa na hazirudi. Wateja wawili waliozaliwa siku moja wanaweza kugeuka mtu mmoja. Na usidhani ukikimbilia kwenye lugha ya programu umepona, R ukiisoma kwa read.csv ya kawaida bila kuiambia kitu inaigeuza namba na kupoteza mwisho vilevile. Dawa ni ileile kokote, unakiambia chombo mapema kwamba hii ni maandishi, usijaribu kuijumlisha. Kwenye Excel unaingiza kupitia menyu ya Data badala ya kubonyeza faili mara mbili, unachagua kolamu iwe Text. Namba za simu pia ziliponea hapohapo, zile 07 zilizokuwa zinapoteza sifuri ya mbele.

Baada ya hapo nikajitia kumwonyesha namna ya kukokotoa PAR. Nikachukua kiasi kilichochelewa nikagawanya kwa jumla ya mikopo. Akanikatiza. "Shem hapana. Mtu kabakiza laki nane, amechelewa rejesho la elfu tisini kwa siku 34, unahesabu laki nane yote, sio tisini, mana iliyo hatarini ni yote." Nilikuwa sijui. Miaka yote ya kuchezea data na hicho kitu nilikuwa nakisoma kwenye ripoti za watu nikidhani nakielewa. Pale ndo nikatulia nikaacha kuwa mwalimu. Huyu mtu ana miaka sita ya kujua namba hizi zinamaanisha nini, zinaumwa wapi, nani anazidanganya na kwa sababu gani, na mi nilikuwa nimemchukua nikamweka kwenye Titanic aanze na sifuri kama hajui kitu.

Tukaacha kuuliza lugha gani. Tukauliza Ijumaa ile ya saa nane mpaka giza ifupishwe na nini, kwenye kompyuta zipi zilizopo, bila kutoa data ofisini. Na ni kazi gani anaweza kuifikia kutoka alipo, sio kutoka alipo mtu wa YouTube. Tukapitia matangazo ya kazi yaliyokuwa yamehifadhiwa kwenye simu yake, kama ishirini hivi. Yale ya benki, mikopo na kampuni za simu karibu yote yalitaja Excel na SQL, ile lugha ya kuuliza maswali kwenye hifadhidata, Power BI mengi. Python ilitajwa kwa baadhi, mara nyingi kwenye zile "itakuwa faida ya ziada". R na Stata zilikaa kwenye afya na utafiti. Sisemi soko lote liko hivo, ni simu ya shem tu, lakini ndo soko analolitafuta yeye.

Kuna sehemu nilibisha. Nina mfano ninaoupenda wa kuidharau Excel, ule wa Uingereza Oktoba 2020, waliponasa kwamba kesi karibu 16,000 za korona hazikuingia kwenye hesabu kwa sababu walitumia faili la XLS la zamani ambalo mwisho wake ni mistari 65,536, zilizozidi zikaachwa nje kimyakimya. Nikamsimulia kwa mbwembwe zote. Akanisikiliza mpaka mwisho akasema "shem mi nina wateja mia nne na kumi na mbili". Faili la Excel la sasa linabeba mistari 1,048,576. Nikanyamaza.

Basi tukakubaliana Excel kwanza, ila Excel ya kweli. Sio kopi na bandika. Ile Power Query iliyomo ndani ya Excel kuanzia 2016, ambayo unaifundisha mara moja safari ya kusafisha, ingiza faili, hii ni tarehe ya siku kwanza, hii ni maandishi, ondoa spesi kwenye vichwa, alafu wiki ijayo unaweka faili jipya unabonyeza Refresh. Ofisini tayari ipo, haihitaji kumwomba mtu wa IT ruhusa ya kuinstoli kitu. Hii ya ruhusa usiichukulie poa, kuna watu wanajifunza chombo miezi sita alafu kompyuta ya ofisi inadai pasiwedi ya mtu aliye likizo.

Na SQL nyumbani, kwa lile faili la uongo. Tukaweka SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja, na kile kiprogramu cha kuifungulia cha DB Browser, kidogo tu, hakikusumbua bando wala RAM. Hapa nina upendeleo na nausema wazi: kwa mtu anayetoka kwenye uhasibu, mikopo, stoo, mauzo, SQL ndo inaingia kirahisi kuliko lugha zote, mana ameshazoea kufikiria kwa majedwali na maswali. Unaandika unachotaka karibu kama unavyomwambia karani. Alichoandika yeye wiki ya tatu ni hiki:

select kikundi, sum(case when siku > 30 then salio else 0 end) / sum(salio) * 100 as par30 from mikopo group by kikundi;

Kikatoa sifuri. Vikundi vyote 0. Akanitumia picha, "shem PAR sifuri, meneja atanifanyia sherehe". Kilichotokea ni kwamba salio zake zote ni namba kamili zisizo na desimali, na SQLite ukigawanya namba kamili kwa namba kamili inakupa namba kamili, inatupa mabaki. Laki nane kugawanya kwa milioni kumi na moja kwake ni 0, na sifuri mara mia ni sifuri. Unazidisha kwa 100.0 kwanza ndo unagawanya. Tofauti na ile KeyError, safari hii hakulia, kwa sababu alijua jibu linatakiwa liwe karibu na ngapi. Kwa Titanic asingejua.

Kufika Machi 2025 ile ripoti ya Ijumaa inamchukua kama nusu saa. Meneja hakusema kitu wiki mbili, ya tatu akauliza kwa nini anaondoka mapema.

Njia baada ya hapo haikunyooka. Aliitwa kwenye intavyuu Mei, kuna mtihani wa SQL wa dakika arobaini, akaanguka. Aliponielezea swali nikajua alipodondokea, ni shimo ambalo na mi niliwahi kuingia. Jedwali la mikopo na jedwali la marejesho, unaombwa jumla ya salio pamoja na idadi ya marejesho. Akayaunganisha kwa JOIN kisha akajumlisha salio. Mkopo wenye salio la 600,000 na marejesho manne unatokea mara nne baada ya kuunganisha, jumla inasoma 2,400,000. Hakuna error, jibu limetoka, zuri, kubwa. Alikuwa hajawahi kukutana nalo kwa sababu faili letu la uongo lilikuwa jedwali moja tu. Hilo nalo ni langu, nilitengeneza uchafu wa kolamu nikasahau uchafu wa mahusiano. Tukatengeneza jedwali la pili, marejesho ya kubuni elfu tatu na kitu, akajifunza kujumlisha kila jedwali kivyake kabla ya kuyaunganisha.

Agosti akapata, sehemu nyingine, sio dola wala kufanyia kazi nyumbani. Msaidizi kwenye kitengo cha taarifa cha taasisi nyingine ya fedha, mkataba wa mwaka, na kwa ile miezi aliyokuwa anapata kamisheni nzuri mshahara huu unapungua kidogo. Anakaa kivulini. Mama mkwe alitaka kujua kama ni kweli ameacha kazi ya kudai watu, akaambiwa ndio, akashukuru Mungu.

Kuhusu Power BI, wanaitumia, na aligundua jambo ambalo hata mi nilikuwa silitilii maanani, kwamba kutengeneza ni bure ila kuwagawia wenzako waifungue kwa kawaida kunataka leseni ya kulipia kwa kila mtu, kwa hiyo pale ofisini wenye leseni ni wachache na ripoti nyingi bado zinaenda kwa Excel na PDF.

Sasa mwezi uliopita kaanza Python tena. Hakuniuliza. Sababu ni kwamba matawi kumi na nne yanamtumia kila mmoja faili lake, na kila tawi lina mtu wake anayeandika vichwa anavyojisikia, "Salio", "SALIO", "Salio la mkopo", na Power Query ilimchosha kuifundisha kila mwandiko. Laptopu ni ileile ila kaweka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, na kuongeza RAM ifike GB 8, na Anaconda hakuirudia, kaweka Python ya kawaida na pandas tu.

Wiki iliyopita kanitumia picha ya skrini, safari hii kioo kimefutwa. Mstari unaofuata baada ya kusoma faili umeandikwa df.columns = df.columns.str.strip(), ule unaokata nafasi tupu kwenye vichwa vya kolamu. Hakuna swali lolote, chini kaandika tu "matawi matatu yalikuwa nayo".